Kiu ya Mungu si pambo la shairi

Mfereji wa ploti yetu hapa Umoja ulikaa siku kumi bila hata tone. Siku moja saa nane mchana nikiwa kwa foleni ya mkokoteni na mitungi yangu miwili, jua linachoma utosi, ulimi umekauka mpaka unashikana na kaakaa, ndio Zaburi ya 42 ikanijia: "Kama ayala aioneavyo shauku mito ya maji." Hiyo nimeikariri tangu Sande skuli na sikuwa najua ayala ni nini, shosho ndiye alikuja kuniambia ni mnyama wa jamii ya paa. Lakini siku hiyo kwa foleni niliielewa na mwili wote. Huyo aliyeimba angeweza kusema tu "nampenda Mungu sana", na hiyo "sana" ingebeba nini jamani?

Sekondari tulifundishwa kupigia mstari: hii tashbihi, hii sitiari, hii tashihisi, unapata maksi unaendelea. Tukatoka tukidhani tamathali ni urembo, kitu mshairi anapaka juu akishamaliza kusema. Mimi nakataa kabisa. Mungu haonekani wala haguswi, kwa hivyo anayempenda lazima apitie kwa vitu mwili unavijua, kiu, giza, kivuli cha mwamba jua likiwa kali.

Jirani yangu ni mtu wa Lamu, na nilipomwambia hivyo akanitolea beti za Al-Inkishafi, utenzi wa kale wa Kiswahili, kwa kichwa, pole pole, akinifafanulia maneno ya Kiamu. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate alitunga hiyo kitu yapata miaka 200 iliyopita, anaukanya moyo wake mwenyewe, na maji ni yale yale ila yeye ameyageuza. Kwa mwenye zaburi Mungu ndiye mto, kwa Sayyid dunia ndiyo maji ya uongo: mazigazi ya jua la adhuhuri, mwenye kiu anakimbia kuyateka na hakuna kitu. Ama ni kisima ambacho kuna ndama mkali, kila anayesogea anapigwa pembe, maji hanywi. Halafu kuna ubeti wa vumbi. Jirani alinionyesha pale pale kwa dirisha lake, mwale wa asubuhi umeingia na vumbi linaelea ndani kama dhahabu, akalishika, akafumba ngumi, akaifungua mbele yangu. Kiganja kitupu. Sijawahi kusikia mahubiri yakanifikia vile.

Ndio maana nasikitika nikisikia nyimbo nyingi za kusifu tunazopigiwa siku hizi hadi kwa matatu, kila mstari ni ushindi na baraka na kuinuliwa, maneno makubwa ambayo hayana harufu wala uzito. Imani ya walioziandika siitilii shaka. Lakini hebu niimbieni kitu nimewahi kubeba! Mtungi wa lita 20 kwa ngazi mpaka floo ya nne, Mungu hawezi kukaa ndani ya huo wimbo?

Maji yalirudi Alhamisi saa tisa usiku. Mfereji ulikohoa, ukatema hewa, kisha ukaanza, na ploti nzima tukaamka na ndoo gizani, na mama mmoja wa floo ya juu akaanza kuimba peke yake huku beseni likijaa, hakuna maneno, sauti tu.