Jamani, Sikumbatiza Nyani

Kwa kuwa ndugu yangu mmoja wa kwaya ameshatangaza katika makundi yetu yote ya simu kwamba nilimbatiza nyani katika Ziwa Tanganyika mbele ya mchungaji na wanandoa wenzangu, naomba nami nipewe nafasi ya kueleza kabla habari haijavuka Mto Malagarasi. Nyani sikumbatiza. Aliyezama ni mimi peke yangu, tena nikiwa na viatu.

Wanaoijua ratiba ya kanisa letu wanafahamu kwamba kila Julai, mvua zikiwa zimekatika na usiku wa Kigoma ukiwa na kibaridi cha kutafutia blanketi, idara ya wanandoa huandaa mapumziko ambayo kwenye karatasi yana mambo matatu: matembezi, maombi na kupumzika. Safari hii tulipelekwa Gombe, ile hifadhi ya sokwe kando ya ziwa. Tulipandia boti Kibirizi, na kwa kuwa huo ndio msimu wa upepo wa kusini, mawimbi yalitufanya tuanze kipengele cha maombi mapema kuliko ratiba ilivyosema. Ni mwendo wa kilomita kama 16 tu kutoka mjini, lakini mke wangu alinishika mkono njia nzima, jambo ambalo nawaomba mlikumbuke kwa sababu ndilo lililoniponza.

Tulipofika Kasekela, kituo cha hifadhi, askari alitupa masharti: mbele ya sokwe tuvae barakoa na tukae umbali wa mita 10, milango ifungwe, na chakula kisitolewe nje kwa sababu ya nyani. Kuhusu sokwe nilisikiliza kwa makini sana. Kuhusu nyani sikuona haja, maana sisi tuliokulia vijijini tunamjua nyani kama mwizi wa mahindi anayefukuzwa na watoto kwa mawe. Nikabaki na mkoba wangu wa maandazi ya soko la Mwanga chini ya koti, kwa ajili ya mke wangu, ambaye mahubiri marefu humpa njaa.

Jioni tuliketi kwenye mikeka ufukweni, jua likishukia milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, mchungaji akaniomba niwaongoze wote katika sala ya kuombea ndoa. Mnaonifahamu mnajua kwamba sala zangu si fupi. Nilifumba macho, nikaanzia kwa Adamu.

Nilipokuwa kwa Isaka na Rebeka, nilihisi kitu kikinigusa pajani, upande ule wa mkoba. Nikajua ni mama watoto, kwa maana ana desturi ya kunivuta koti kwa siri sala inaporefuka. Sikutetereka, niliongeza sauti. Mguso ukarudi, safari hii taratibu, kwa upole ambao sijaupata tangu tulipokuwa wachumba, nami nikaguswa moyo kiasi kwamba niliushika ule mkono. Ulikuwa mkavu. Kiganja kilikuwa kigumu, na vidole vilikuwa vyembamba kuliko nilivyovizoea. Mungu anisamehe, sikushtuka hata kidogo, nilijiambia kwamba sabuni ya kufulia imemmaliza mke wangu, nikaliingiza jambo hilo katika sala papo hapo, nikitamka kwa sauti ya kusikika hadi kwenye boti: "Ee Bwana, uibariki mikono hii iliyopauka kwa kunitumikia." Nikaubana. Nao ukanibana. Wapendwa wakaitikia "Amina" kwa sauti zinazotetemeka, nikadhani upako umeshuka.

(Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe aliyefika Gombe tarehe 14 Julai 1960, alivumilia miezi kadhaa kabla ya sokwe kumruhusu awakaribie. Mimi nilishikana mkono na nyani kabla sijatoka katika kitabu cha Mwanzo.)

Ndipo nikasikia sauti ya mke wangu. Haikutoka pembeni yangu. Ilitoka nyuma kabisa, kwenye vyumba, alikokwenda kuchukua sweta baada ya kusikia nimeanzia kwa Adamu na kupiga hesabu kwamba ana muda wa kutosha.

"Baba watoto, umemshika nani?"

Nilifumbua macho. Lilikuwa dume. Lilikuwa limekaa mkao wa muumini kabisa, mkono mmoja ndani ya wangu, mwingine ndani ya mkoba hadi kwenye kiwiko, likinitazama kama mtu anayesubiri sala iendelee. Kisha likafunua meno. Nami nilirudi nyuma kinyumenyume kuelekea ziwani nikiwa, kwa sababu nisizoweza kuzieleza hadi leo, sijauachia ule mkono, na hapo ndipo huyo ndugu yangu wa kwaya alipopatia ubatizo wake. Ni kweli kwamba nyani alirukiwa na maji kabla hajajinasua. Lakini anayelijua kanisa letu anafahamu kwamba sisi hatunyunyizi, tunazamisha, kwa hiyo hata kwa mafundisho yetu wenyewe shauri hilo halisimami.

Askari wa hifadhi alikuja, mkoba ukaokotwa chini ya mti ukiwa mtupu, sikuwa na jeraha, kesho yake tukaenda kwenye maporomoko ya Kakombe, sokwe tukawaona, mchungaji akahubiri kuhusu kukesha na kuomba, tukarudi mjini.

Habari ya nyani nyumbani imekwisha. Iliyobaki ni ile ya mikono iliyopauka, ambayo watu wote waliisikia na mwenye mikono yake aliisikia pia. Nimeshanunua mafuta ya nazi, nikanunua ya mgando, nikanunua na yale ya bei kali yanayowekwa nyuma ya muuzaji. Yote yako mezani, hayajafunguliwa. Mama watoto anasema mwenye kuyahitaji anaishi Gombe, na nauli ya boti ninaijua.