Tunaulizwa vipaumbele, kisha havipangiwi fedha
Kila mwaka, kabla ya bajeti mpya ya halmashauri kuanza kutumika tarehe 1 Julai, wakazi wa mtaa wetu huitwa mkutanoni kutaja vipaumbele vyao, nao hurudia yale yale: mtaro uzibuliwe na gari la taka lifuate ratiba. Maoni huandikwa, mahudhurio husainiwa, kisha fedha hupangiwa ukarabati wa ofisi na ununuzi wa samani (za zamani, kwa macho yangu, hazina kasoro). Mkusanya ushuru wa taka, hata hivyo, hakosi kufika na kimashine chake cha risiti, huku mifuko ikioza getini na maji machafu yakiingia vibarazani. Ikiwa uamuzi umekwisha kufanywa ofisini, tubandikiwe tangazo tu, tusipotezewe Jumamosi nzima juani.