Mstari kwenye Kishimo cha Maji

Kishimo cha nane hakikuwa na DNA ya mtu yeyote. Kilitiwa maji safi na dawa zote za PCR, mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, makusudi, ili kibaki cheusi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili alipoiweka jeli, lile bamba laini lenye vishimo linalotenganisha vipande vya DNA kwa urefu, juu ya taa ya bluu, hapo kwenye cha nane pakang'aa mstari mwembamba, usawa uleule na mstari wa kishimo cha tatu, cha mshukiwa wa zoezi. Wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu akauliza tu: "Huyu wa nane ni nani?" Wakarudi nyuma hatua kwa hatua kwa karibu nusu saa, hadi mmoja akakiri kwamba hakubadilisha ncha ya pipeti, kifaa cha kunyonyea na kupimia matone.

Darasa lile nalikumbuka kila ninaposikia kwamba mafunzo kwa vitendo ya vinasaba vya uchunguzi wa jinai ni anasa ambayo vyuo vyetu haviwezi kuibeba. Video zipo, programu za kuigiza maabara zipo, kwa nini kumwaga fedha?

Wanaosema hivyo wana sababu. Vimeng'enya huagizwa nje na husafiri kwenye barafu. Vikikwama forodhani siku chache, kwaheri. Umeme ukikatika katikati ya mizunguko ya PCR, sampuli za darasa zima zimekwenda. Mashine ya kusoma mpangilio wa vinasaba, herufi kwa herufi (yaani kijenzi kimoja kimoja cha DNA), vyuo vingi havina, kwa hiyo sampuli hupelekwa kwingine na majibu hurudi mwanafunzi akiwa ameshasahau alichouliza. Tena kinachofundishwa kimepitwa na wakati. Kipimo kinachopendwa madarasani ni D1S80, eneo la kromosomu 1 lenye kipande cha herufi 16 kinachojirudia, idadi ya marudio ikitofautiana mtu na mtu. Maabara za jinai zilishakiacha. Marekani ilianza kanzidata yake ya taifa ya DNA mwaka 1998 kwa maeneo 13 yenye marudio mafupi zaidi, na tangu 2017 inatumia 20. Kumfundisha kijana D1S80 leo, wanasema, ni kumfundisha udereva kwa mkokoteni.

Sawa, ni mkokoteni. Lakini mkokoteni haukufichi barabara. Mtu mwenye marudio 18 na mwenye 19 wametofautiana kwa herufi 16 tu katika kipande cha mamia ya herufi, na kwenye jeli ya kawaida ya agarosi jicho haliwezi kuwatenganisha. Wanafunzi wawili wasio na undugu wowote wanaonekana mtu mmoja. Programu ya kuigiza ingewapa michoro safi na jibu moja. Jeli inawapa ukungu, kisha inawalazimu waseme wanaona nini.

Na huo ukungu hauishii chuoni. Mwaka 2011 watafiti Itiel Dror na Greg Hampikian walichapisha jaribio ambalo kila mwalimu wa somo hili angelibandika ukutani. Walichukua matokeo ya DNA ya kesi halisi ya ubakaji kutoka Georgia, Marekani, mchanganyiko wa vinasaba vya watu zaidi ya mmoja. Wataalamu wa awali, waliokuwa wakiijua kesi, walisema mshukiwa mmoja hawezi kuondolewa, yaani DNA yake huenda imo. Matokeo yaleyale wakapewa wataalamu 17 wa maabara moja, bila kuelezwa habari za kesi. Kumi na wawili walimwondoa mshukiwa. Wanne walisema haiwezekani kuamua. Mmoja tu alikubaliana na wale wa awali.

Itazame tena hiyo namba. Hao ni watu wa kazi hiyo, wenye mashine za kisasa, wakisoma karatasi ileile. Mtu akiniambia DNA haidanganyi, namuuliza: kwa mdomo wa nani kati ya hao 17? Hakimu au wakili aliyewahi kubishana na mwenzake juu ya mstari hafifu kwenye jeli anajua aulize nini. Aliyetazama video atajua tu kwamba mashine imesema.

Ncha ya pipeti nayo si utani wa kitoto. PCR huzidisha kipande mara mbili kila mzunguko. Baada ya mizunguko 30, kipande kimoja kilichoingia kwa bahati mbaya kinaweza kuzaa nakala zaidi ya bilioni moja. Polisi wa Ujerumani walimsaka kwa miaka mwanamke ambaye DNA yake ilionekana katika matukio takriban 40, likiwemo la mauaji ya askari wa kike mjini Heilbronn mwaka 2007. Zawadi ilifika euro 300,000. Mwaka 2009 ikabainika mwanamke huyo hakuwa muuaji: vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli vilikuwa vimechafuliwa na mfanyakazi wa kiwandani. Vilitakaswa dhidi ya vijidudu, ila kuua kijidudu si kuondoa DNA. Hiyo nchi nzima ilikosa mtu wa kuuliza wa nane ni nani.

Panaponipa shida kweli ni kwenye faragha. Katika somo hili mwanafunzi husukutua maji ya chumvi, hutema kwenye kikombe, na chembe za shavu lake ndizo sampuli. Wanaotetea husema D1S80 haisemi lolote kuhusu ugonjwa. Ni kweli, lakini mtoto hurithi nakala moja kwa mama na moja kwa baba, na ndugu wawili wakikaa darasa moja jeli inaweza kuzua maswali nyumbani ambayo mhadhiri hatakuwepo kuyajibu. Mwaka 2010 chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, kiliwaalika wanafunzi wapya kutuma sampuli za DNA zao, wapimwe jeni tatu tu zisizotisha. Idara ya afya ya California ikazuia kila mmoja kupewa majibu yake, kikabaki na matokeo ya jumla. Tanzania nayo ina Sheria ya Vinasaba vya Binadamu tangu 2009, na kipimo cha kujua baba wa mtoto hakiombwi kienyeji.

Hapo nawapa wapinzani haki yao yote. Mate ya wanafunzi yasitumike. Ipo DNA ya kununua iliyokwisha safishwa, ya watu wasiojulikana, na mchanganyiko unaweza kutengenezwa hapohapo mezani kwa kiasi anachokijua mwalimu peke yake. Funzo la pipeti halitapungua hata chembe.

Yule mwanafunzi wa jeli aliandika ripoti yake siku ya pili. Kwenye nafasi ya mshukiwa wa kishimo cha tatu, ambaye wenzake wote walikuwa wamemtia hatiani, aliandika kwa kalamu: matokeo yasitumike, rudieni.