Radio Ga Ga ni Mtoto wa Makofi

Kuna ubishi ambao mashabiki wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza, hawajaumaliza kwa miaka zaidi ya arobaini: wimbo wa "Radio Ga Ga", uliotoka Januari 1984, umetoka kwa nani? Wapo wanaoapa kwamba ni Kraftwerk mtupu, lile kundi la Wajerumani la muziki wa mashine. Wapo wanaosema ni The Buggles, kundi la Uingereza, waliovishwa nguo mpya. Wengine humtaja Giorgio Moroder, prodyuza wa disko, na kutaka mjadala uishie hapo. Nimeusikia ubishi huu hata Unguja, kwenye baraza za kahawa za Mji Mkongwe, ambako Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, anahesabiwa mtoto wa mtaa, na kwa haki. Alizaliwa pale Septemba 1946 akiitwa Farrokh Bulsara, na familia yake ikaondoka baada ya Mapinduzi ya 1964. Mwambie mzee wa pale kwamba Queen waliunakili wimbo ule kwa Wajerumani, kahawa itapoa mkononi mwake kabla hajamaliza kukujibu.

Mimi nina upande, na nausema mapema. Watu wanatafuta asili ya wimbo huu kwenye vinanda kwa sababu vinanda ndivyo vinavyoingia sikioni kwanza. Asili yake iko kwenye makofi.

Nianze na hivyo vinanda, maana hasira ya mashabiki wengi ilianzia hapo. Katika miaka ya 1970 Queen walikuwa na fahari moja waliyoichapisha wenyewe kwenye majalada ya santuri zao: humu hakuna sinthesaiza, yaani kinanda cha umeme kinachounda sauti. Ile milio ya ajabu unayoisikia kwenye albamu zao za mwanzo ni gitaa la Brian May, mpiga gitaa wao, alilolitengeneza kwa mikono na baba yake, likirekodiwa tabaka juu ya tabaka mpaka likawa kama kundi zima la wapigaji. Mtu aliyenunua santuri hizo akiwa kijana aliyachukulia maneno yale kama kiapo. Kisha mwaka 1980 ikaja albamu ya The Game, na jalada lake likatangaza waziwazi kwamba sinthesaiza ya Oberheim imeingia kwa mara ya kwanza. Miaka miwili baadaye ikafuata Hot Space, iliyojaa disko na fanki, na mashabiki wengi wa roki wakanuna. Kwa hiyo "Radio Ga Ga" ilipofika na vinanda vyake vinavyokimbizana tangu sekunde za mwanzo, masikio yalikuwa yameshatia shaka. Aliyevunja kiapo huonekana mwizi hata kabla hajashika kitu.

Hapo inafaa kukumbushana jambo ambalo wengi hulikosea, hasa huku kwetu: Freddie siye aliyeutunga. Mtunzi ni Roger Taylor, mpiga ngoma. Mwanawe mdogo alisikia redio na kuiita "radio ca-ca", neno la watoto wa Kifaransa kwa kinyesi, na baba akalishika neno lile. Alijifungia na kinanda na mashine ya ngoma akaujenga wimbo, kisha Freddie akaupokea na kuunyoosha mpaka ukawa huu tunaoujua. Vinanda vingi vilipigwa na Fred Mandel, Mkanada aliyekuwa amezunguka nao kwenye ziara ya 1982. Kumbukeni basi: wimbo umetungwa na mtu ambaye kazi yake maishani ni kugonga. Nitalirudia hili.

Sasa tuwaite watuhumiwa.

Kraftwerk wa Düsseldorf walitoa albamu yao kuhusu redio na mionzi mwaka 1975. Mada inagusana, neno "radio" lipo, mashine zipo. Lakini sikilizeni zote mbili usiku mmoja. Kraftwerk wanaimba kama watu waliokubali kuwa sehemu ya mtambo: sauti iko bapa, mwendo ni wa taratibu, hakuna anayekuomba uitikie. "Radio Ga Ga" inakuomba, tena inakusihi. Kushiriki mada hakumfanyi mtu kuwa mwanafunzi wa mwenzake, la sivyo kila aliyeimba kuhusu bahari angekuwa amemwibia mwingine.

The Buggles wana kesi nzito zaidi. "Video Killed the Radio Star" ilishika nafasi ya kwanza Uingereza Oktoba 1979, na video yake ndiyo iliyofungua MTV, kituo cha televisheni cha video za muziki, tarehe 1 Agosti 1981. Huzuni ni ileile: picha imekuja, redio inasukumwa pembeni. Siamini kwamba Roger Taylor hakuusikia, maana nchi nzima iliusikia. Lakini tofauti yao ni kubwa kuliko wanavyokiri wabishi. The Buggles wanasimulia habari za msanii aliyepitwa na wakati. Taylor haongei na msanii, anaongea na redio yenyewe, kwa "wewe", kama mtu anavyozungumza na rafiki mgonjwa kitandani. Anaikumbusha usiku wa ujana wake, taa yake ndogo gizani, mchezo wa redio wa Orson Welles wa 1938 uliotangaza uvamizi kutoka sayari ya Mars, anagusia hata ule usemi wa Churchill wa wakati wa vita kuhusu saa tukufu kuliko zote. Anaiambia kwamba bado yupo anayeipenda. Ni barua ya mapenzi.

Kuna jambo linalonifurahisha kila nikilifikiria. "Radio Ga Ga" ilifika nafasi ya pili Uingereza ikakwama. Kilichoizuia kileleni ni "Relax" ya Frankie Goes to Hollywood, na prodyuza wa "Relax" alikuwa Trevor Horn, yuleyule aliyeimba na The Buggles. Tukitaka kuwakutanisha Queen na Horn, walikutana pale kwenye chati, wakigombea mlango mmoja, na Horn ndiye aliyekuwa amesimama ndani.

Anabaki Moroder, na kwake sina ukaidi. Besi inayodunda bila kupumzika, noti zinazokimbizana kwa hesabu sawa, hiyo ni njia aliyoifyeka yeye na mwimbaji Donna Summer mwaka 1977 kwa "I Feel Love". Tena ushahidi si wa masikio tu. Studio ya Musicland mjini Munich aliianzisha Moroder. Ndimo Queen walimorekodi The Game, ndimo kinanda kilimoingia kwao, na ndimo walimokutana na Mack, fundi aliyekuja kuwa prodyuza wao kwa miaka kadhaa. Sehemu ya albamu ya The Works, yenye "Radio Ga Ga", ilifanyika humohumo na sehemu nyingine Los Angeles. Video ya wimbo, aliyoiongoza David Mallet, ilitumia picha za Metropolis, filamu ya Fritz Lang ya 1927. Na mwaka huohuo wa 1984 nani alitoa Metropolis upya ikiwa na muziki wa kisasa? Moroder. Na ndani yake nani aliimba "Love Kills"? Freddie. Ukikaa kwenye nyumba ya mtu miaka yote hiyo, harufu ya udi wake itaingia nguoni mwako.

Ila udi uko nguoni, mwili ni wa mwenye nguo. Mtu anayeishia kwa Moroder ameeleza rangi ya sauti, hajaeleza kwa nini umati unaufahamu wimbo huu kwa mikono yake.

Masikio hudanganya sana kwenye mambo haya. Kwenye albamu hiyohiyo kuna "I Want to Break Free" ya John Deacon, mpiga besi wa Queen, na katikati yake kuna solo ambayo nimeona watu wazima wakiapa kuwa ni gitaa la Brian May. Ni Mandel, anapiga sinthesaiza ya Roland. Ikiwa shabiki wa miaka thelathini hawezi kutofautisha kidole cha nani kiko juu ya kitu gani, basi ule uhakika wa "hii nimeijua, hii ni Kraftwerk" unapaswa kupungua moto. Na Queen hawakuwa watu wa kuficha walikopita. Deacon alikaa na Chic, kundi la disko la Marekani, kabla ya "Another One Bites the Dust", na besi yake inaonyesha wazi alichokisikia. Hilo halina mabishano.

Rudini sasa 1977. Queen walipiga Bingley Hall, Stafford, na walipomaliza, watu hawakuondoka wala hawakupiga kelele tu: waliwaimbia, "You'll Never Walk Alone", ukumbi mzima. Brian May amesimulia mara nyingi jinsi jambo lile lilivyomkaa kichwani. Alijiuliza, watu waliobanana hivi, wasioweza hata kugeuka, wanaweza kufanya nini pamoja nasi? Wanaweza kukanyaga, kupiga makofi na kuimba. Hapo ukazaliwa "We Will Rock You". Hakuna ngoma mle ndani. Ni miguu juu ya mbao na viganja, katika studio iliyokuwa kanisa jijini London, vikarudiwa na kupangwa na May, ambaye ni mtu wa fizikia, kwa michelewesho aliyoikokotoa ili watu wachache wasikike kama uwanja.

Huyo ndiye mzazi wa "Radio Ga Ga". Angalieni kiitikio: jina la redio linatajwa, kisha makofi mawili, linatajwa tena, makofi mawili. Melodia imeacha pengo makusudi ili mikono yenu iingie. Mashine ya ngoma ya Linn inahesabu kule nyuma, lakini haikupewa pengo lile, walipewa watu. Nani angeacha pengo kama hilo? Mpiga ngoma, aliyekaa miaka saba nyuma ya ngoma zake akitazama maelfu wakifanya kazi yake kwa viganja. Hata kwenye video waliwaita mamia ya mashabiki wao, wakavalishwa nguo nyeupe, wakapangwa mistari, wakapiga makofi juu ya vichwa vyao. Kwa hiyo ishara ile ilikuwa imeshatengenezwa mapema. Tarehe 13 Julai 1985, Wembley, siku ya Live Aid, tamasha la kuchangia wenye njaa Ethiopia, watu wapatao 72,000 walinyanyua mikono kwa pamoja bila kufundishwa, wakati Queen walikuwa na dakika ishirini tu za kusimama jukwaani. Ukiitazama picha ile, kinanda kipo kinapigwa pembeni, na hakuna anayekiangalia.

Kwetu pwani ubishi huu tunaujua kwa jina jingine. Kinanda kilipoanza kuchukua nafasi ya fidla na ganuni kwenye taarab, wazee walisema taarab imekufa. Lakini ganuni yenyewe ilitoka wapi? Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alimtuma Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze, na akarudi nayo. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, aliimba juu ya ala hizo za kigeni kwa Kiswahili chake, kuhusu dhuluma alizoziona kwa macho yake Unguja. Sijawahi kukutana na mtu anayemwita Siti mwanafunzi wa Wamisri. Tunampa Siti haki hiyo bila kufikiri, na ninawaomba mashabiki wampe Roger Taylor hiyohiyo.

Niseme pia kwa nini jambo hili linanigusa hivi. Nilikua Tanga, na wimbo huu uliniingia kwa kanda aliyoileta mjomba wangu baharia. Nilipoanza kuyaelewa maneno yake nilishangaa: Mwingereza analilia redio, wakati kwetu redio ndiyo ilikuwa dunia. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini sisi wa Bara tulisubiri mpaka miaka ya 1990. Taarifa ya habari, salamu, mpira, tangazo la msiba wa mtu wa kijiji cha tatu, vyote vilipita kwenye kile kisanduku. Baba aliheshimu saa ya habari kama saa ya sala. Kwa hiyo nilimsikia Taylor akimlilia mtu ambaye kwangu alikuwa hai, mwenye nguvu, amekaa juu ya kabati la mama. Nadhani ndiyo maana sikuwahi kuusikia kama wimbo wa mashine.

Redio-kaseti yetu ilitumia betri sita, na zilipochoka tulizianika juani juu ya bati ili zitupe nusu saa nyingine. Nusu saa hiyo niliitumia kwa "Radio Ga Ga". Betri zikianza kukata roho, kanda ilipunguza mwendo, sauti ya Freddie ikashuka ikawa ya mzee, vinanda vikazama kimoja kimoja mpaka kimya. Mimi na binamu zangu tuliendelea kuimba gizani pale mkekani, na kila tulipolitaja jina la redio, viganja vyetu viligonga mara mbili, mahali palepale.