Acheni vioja vikae kwenye grupu, ila viwekeeni tarehe

Fungua grupu lolote la WhatsApp la ukoo asubuhi, usifute kitu, soma tu kwa mpangilio uliokuja. Tangazo la arobaini ya bibi Korogwe, chini yake klipu ya pundamilia mwenye madoa badala ya mistari, chini yake bei mpya za mafuta, afu voisi noti ya dakika nane ya daktari asiyejitaja jina anasema kitunguu saumu kinazibua mishipa, afu twiga mweupe, afu mtu anauliza nani ana namba ya fundi bomba. Hakuna mhariri mwenye akili timamu angepanga ukurasa hivyo. Na mi naupenda, nasema mapema ili tusisumbuane mbele ya safari, maana kwenye grupu letu kuna hoja kwamba vioja vitolewe, zibaki taarifa za familia tu.

Kuna watu wanauita uchafu, utasikia "zamani tulikuwa na magazeti ya maana". Sawa, ila hata hayo magazeti ya zamani hayakuwa yamenyooka kiasi hicho. Mambo Leo la 1923, lililokuwa linatolewa na serikali ya Tanganyika, lilikuwa na mashairi, barua za wasomaji, mambo ya kilimo na habari za wilayani humohumo kwenye toleo moja, na watu walilisubiri hivyohivyo. Binadamu anataka kujua nani kafa, unga bei gani, na huko mbali kumetokea kitu gani cha ajabu. Vyote kwa pamoja. Sasa hivi tofauti ni kwamba vinakuja bila jina la mtu aliyevileta.

Kinachonisumbua mimi ni kwamba vioja vya kweli ndo watu hawaviamini. Chukua ile ya tumbili wa Kenya. Tarehe 7 Juni 2016 nchi ilizimika umeme, kisa tumbili mmoja, alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru kule mto Tana, akaangukia transfoma, transfoma ikajikata, mashine nyingine zikazidiwa na mzigo nazo zikajizima, zaidi ya megawati 180 zikapotea na gridi yote ikalala kwa zaidi ya masaa matatu. KenGen wenyewe, kampuni inayozalisha umeme huko Kenya, ndo walitoa taarifa. Sasa hiyo mtumie mjomba wangu, atakwambia "acha uongo wewe mtoto", mjomba huyohuyo ambaye juzi katuma nguva aliyevuliwa baharini mwenye nywele mpaka kiunoni na kucha zimepakwa rangi, tena akaandika "Mungu ni mkubwa".

Na unajua yule tumbili aliishia wapi? Hakufa. Watu wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, wakamchukua, basi, hadithi imeisha. Hakukuwa na laana wala onyo kwa wanadamu.

Hapo ndo nimeanza kuona kitu. Kioja cha uongo siku zote kina mwisho mtamu. Nguva anaongea kabla hajafa na anaacha ujumbe kwa mataifa, mwanamke aliyemtukana mama mkwe anageuka nyoka kuanzia kiunoni, tajiri aliyemfukuza ombaomba anafilisika ndani ya wiki, na kila mtu anapata stahili yake kabla hujafika kwenye ile sentensi ya tuma kwa watu kumi. Cha kweli kinaishia njiani. Kinakuacha umesimama unauliza "enhe, afu?" na hakuna wa kukujibu.

Mfano mzee Saniniu Laizer wa Mirerani. Juni 2020 aliuzia serikali mawe mawili ya tanzanite, moja kilo 9.27 lingine kilo 5.1, akalipwa shilingi bilioni 7.74, na Agosti akarudi na la tatu. Toleo nililotumiwa mimi lilisema alikuwa fukara wa kutupwa, kadharauliwa na ndugu, akaota ndoto, asubuhi akaokota jiwe. Sasa mtu mwenyewe alikuwa mchimbaji, ana watoto zaidi ya 30, na alipohojiwa na BBC akasema maisha yake hayatabadilika, ataendelea kuwaangalia ng'ombe wake 2,000. Ng'ombe 2,000! Huyo fukara wa kwenye grupu katoka wapi? Katoka kwa mtu aliyeona habari ya kweli haina funzo akaiongezea lake. Na kwangu mimi ile ya kweli ndo tamu zaidi, mtu kapata mabilioni anasema sherehe atachinja ng'ombe mmoja.

Au lile duara la chuma la Makueni, Kenya. Desemba 30, 2024, kijiji cha Mukuku, watu wako kwenye shughuli zao kinashuka kitu kutoka juu, upana kama mita mbili na nusu, uzito kama kilo 500. Bahati hakikumpata mtu. Shirika la anga la Kenya wakaja wakasema kinaonekana ni pete inayotenganisha sehemu za roketi. Basi hapo mtandao ukachachamaa, mara ni roketi ya India, mara Kenya inadai fidia, mpaka shirika lenyewe likatoka kukanusha. Watu walitaka mwenye kosa ajulikane siku hiyohiyo na alipe siku hiyohiyo. Nilitumiwa hiyo habari ya fidia na watu wasiojuana kabisa, ile ya kukanusha hakuna aliyenitumia hata mmoja, niliitafuta mwenyewe.

Afu kuna hili la tarehe, hili ndo linaniudhi kupita yote. Yule pundamilia wa madoa ni wa kweli, alionekana Maasai Mara Septemba 2019, mtoto mdogo, akapewa jina Tira kwa sababu Antony Tira, muongoza watalii, ndiye aliyemuona. Ila kwenye simu zetu kila mwaka anazaliwa upya, "ameonekana leo". Huyo hana madhara, tuseme. Twiga mweupe je? Video ya mwaka 2017 ya hifadhi ya Ishaqbini kule Garissa, Kenya, twiga jike mweupe na mtoto wake, bado inazunguka na watu wanaweka mashallah kibao. Yule jike aliuawa. Machi 2020 walikuta mabaki yake na ya mtoto wake, kazi ya majangili, akabaki dume mmoja ambaye Novemba mwaka huohuo akafungwa kifaa cha GPS ili walinzi wajue alipo. Kwa hiyo kila tunapoforwadi ile video bila mwaka tunawafufua waliouawa na tunalisitiri jangili, na mtu akisoma anajua mambo ni mazuri Garissa.

WhatsApp nao walijaribu, Aprili 2020 wakaweka kwamba ujumbe uliozunguka sana, ule wenye mishale miwili, unautuma sehemu moja tu kwa wakati mmoja. Mjomba haikumsumbua, anatuma grupu moja moja, muda anao, kastaafu.

Na sio kwamba vyote ni vya kucheka. Mei 2020 niliposikia kwa mara ya kwanza habari ya papai kukutwa na korona nilijua ni kichekesho cha watu wa Twitter, kumbe ni hotuba, rais Magufuli akiwa Chato anasema walipeleka maabara sampuli za mbuzi na papai kwa majina ya watu na majibu yakarudi chanya. Siku chache baadaye mkuu wa Africa CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, akasema vipimo havina tatizo. Sasa kwenye grupu vitu hivyo viwili vilipita katikati ya matangazo ya misiba na picha za keki, na kila mtu akachukua kile alichokuwa anakiamini tangu asubuhi. Mwaka 2011 hata WhatsApp wengi wetu hatukuwa nayo, zilikuwa meseji za kawaida na maneno ya kwenye daladala, lakini watu walifunga safari mpaka Samunge kwa Babu wa Loliondo, mchungaji mstaafu aliyesema dawa yake inatibu magonjwa sugu, kunywa kikombe cha shilingi 500, foleni za magari kilomita na kilomita, na wengine walitolewa hospitali, juzi yake tu walikuwa kwenye dripu, wakafia kwenye foleni. Kwa hiyo msiniambie kioja ni kioja tu.

Pamoja na hayo, kwenye grupu letu sasa hivi kuna ile hoja kwamba ziruhusiwe taarifa za familia peke yake, misiba, harusi na michango. Yaani tubaki na kuzikana na kuchangishana, basi. Mi kura yangu ni hapana. Tukiondoa pundamilia na tumbili nusu ya vijana wataliweka hilo grupu kimya mwaka mzima, na siku ya msiba wa kweli ndo watakuwa wa mwisho kujua. Mkitaka sheria wekeni hii: anayetuma aandike ni lini na ni wapi, kama hajui aandike sijui, haina aibu. Na yule mama aliyegeuka nyoka naomba tumpumzishe, tumeshatumiwa kutoka Mbeya, kutoka Malawi na kutoka Nigeria, na nyoka ni yuleyule na kitanda ni kilekile.