Mauntingi ngumu kwenye gari dogo: mpira laini haukuwekwa kwa ubahili

Kwenye gereji nyingi za Dar es Salaam na Nairobi ushauri umekuwa mmoja: mauntingi za injini, yaani vile vishikizo vya mpira vinavyoishikilia injini kwenye bodi, zikifa, usirudishe za mpira laini kama za kiwandani, weka ngumu usahau. Ngumu zenyewe ni za namna nyingi. Mwenye fedha anaagiza za poliyurethani, aina ya plastiki ngumu inayonyumbulika kidogo. Mwingine anapeleka ganda la zamani likajazwe mpira mzito. Wapo pia wanaochukua gundi ya kubandikia vioo vya gari na kuziba matundu yaliyoachwa katikati ya mpira. Sababu wanayoitoa wote ni ileile, kwamba mpira wa kiwandani ni dhaifu na barabara zetu zinaukata.

Ushauri huo una ukweli wake, na ni haki kuanza na ukweli huo.

Gari dogo la kisasa, iwe IST, Vitz, Demio au Fit, injini yake imekaa kwa upana, na giaboksi na difu vimeshikana nayo kuwa kitu kimoja. Injini ya cc 1,500 ya kundi hili hutoa nguvu ya kuzungusha ya takriban newtoni-mita 140. Nguvu hiyo ikipita gia ya kwanza na difu inazidishwa zaidi ya mara 10 kabla ya kufika kwenye magurudumu. Na kadiri magurudumu yanavyosukumwa kwenda mbele, ndivyo injini nayo inavyosukumwa kupinduka nyuma. Kwenye pikapu inayovutwa na magurudumu ya nyuma, difu iko peke yake huko nyuma na mzigo wake unabebwa na springi. Kwenye gari dogo hakuna wa kusaidiana naye: newtoni-mita 1,400 na zaidi zinaishia kwenye mauntingi tatu au nne ambazo kila moja inaenea kiganjani.

Kwa hiyo mwenye gari la gia za mkono anayelalamika kwamba akiachia klachi injini inaruka, gia inagoma kuingia na magurudumu ya mbele yanadunda kwenye mlima wa vumbi, halalamiki bure. Wenye Mini ya zamani, lile gari la Uingereza la mwaka 1959 lililoonyesha dunia jinsi ya kulaza injini kwa upana, wanaijua kadhia hiyo vizuri. Bushi za ile fimbo inayozuia injini isipinduke zikilegea, gari linatetemeka kila linapoondoka, na dawa waliyoizoea ni bushi za poliyurethani. Kwenye magari ya mashindano hakuna hata mjadala. Dereva anataka injini na bodi viwe kitu kimoja, na kelele haimhusu. Tena poliyurethani inavumilia oili kuliko mpira wa asili, jambo zito kwenye gari ambalo kifuniko cha juu cha injini kimeshaanza kuvuja.

Hayo yote nayakubali. Ninachokataa ni ile imani kwamba ulaini wa mauntingi ya kiwandani ni udhaifu, au kwamba kiwanda kilibana gharama. Ulaini ule umepigiwa hesabu, na watu walihangaika nao miaka mingi kabla ya kuupata.

Mwanzoni injini zilifungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye chesisi. Za silinda nne zilikuwa na sifa mbaya kwa mtetemo, na aliyetaka utulivu alinunua silinda sita au nane. Mwaka 1931 kampuni ya Chrysler ilitoa gari la Plymouth lenye injini ya silinda nne iliyokalishwa juu ya mpira, na mipira ikapangwa ili injini itikisike kwa kufuata mhimili wake yenyewe bila kuitikisa bodi. Waliuita mpango huo Floating Power, na waliutangaza kama ulaini wa silinda nane kwa ulaji wa silinda nne. Mwaka uliofuata Citroën ya Ufaransa ilikuwa imekwisha nunua haki ya kuutumia. Gari dogo la silinda nne ambalo familia inaweza kusafiri nalo bila kuumwa kichwa linadaiwa na mpira ule.

Sasa hesabu yenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokosea. Injini ya silinda nne inachoma mafuta mara mbili kwa kila mzunguko. Gari likiwa limesimama na injini inanguruma kwa mizunguko 750 kwa dakika, hiyo ni mipigo 25 kwa sekunde. Injini pamoja na mpira wake nayo ina mwendo wake wa asili, yaani ukiisukuma ukaiachia itacheza mara kadhaa kwa sekunde. Chukulia mara 11. Kanuni ya mtetemo ni kwamba mipigo ikiwa mbali juu ya mwendo huo wa asili, mpira unaimeza. Ikiukaribia, mpira unaipitisha, hata kuikuza. Kwa mipigo 25 juu ya 11, bila kuhesabu msuguano wa ndani ya mpira, kinachopita kwenda kwenye bodi ni kama robo ya nguvu iliyotoka kwenye injini. Robo tatu zimebaki kwenye mpira.

Ongeza ugumu wa mauntingi mara mbili. Si jambo kubwa: mpira wa mauntingi kwa kawaida uko kwenye 50 hadi 60 kwa kipimo cha ugumu wa mpira kiitwacho Shore A, na ukifika 70 tu ugumu umeshakaribia kuwa mara mbili, wakati poliyurethani zinazouzwa hufika mpaka 90 na zaidi. Mwendo wa asili unapanda kutoka 11 hadi karibu 16 kwa sekunde. Mipigo ya injini imebaki 25 ileile. Kinachopita sasa ni karibu theluthi mbili. Hujabadilisha injini wala hujaongeza mwendo, lakini bodi inapokea zaidi ya mara mbili na nusu ya mtetemo wa awali.

Hiyo ni silinda nne. Vitz ya cc 1,000 ya kuanzia mwaka 2005, Passo ya cc 1,000 na Note ya cc 1,200 ya kuanzia 2012 zina silinda tatu. Silinda tatu inachoma mara moja na nusu kwa mzunguko, kwa hiyo kwa mizunguko 750 ileile inapiga karibu mara 19 tu kwa sekunde. Kwa mpira wa awali inayopita ni kama nusu, ndiyo maana injini hizi hazijawahi kuwa tulivu sana. Ukifanya mpira uwe mgumu mara mbili, 19 inakuwa jirani kabisa na 16, na hesabu inageuka: bodi inapokea mtetemo mkubwa kuliko ule unaotoka kwenye injini, zaidi ya mara mbili. Kwenye gari halisi msuguano wa ndani ya mpira unaishusha namba hiyo, na kila gari lina vipimo vyake, lakini mwelekeo haubadiliki. Gari ambalo lilihitaji mpira laini kuliko yote ndilo linalowekewa mgumu, kwa kuwa ndilo la bei nafuu na mwenyewe hataki kurudi gereji.

Na ni nani mwenye gari hilo? Kwa sehemu kubwa ni dereva wa teksi mtandao. Yeye haendeshi kwa mizunguko 4,000 kwenye uwanja wa mashindano. Amekaa kwenye foleni ya Ubungo au Mombasa Road, gia iko D, mguu uko kwenye breki, kiyoyozi kinafanya kazi kwa sababu abiria ameomba. Injini imebebeshwa mzigo ikiwa kwenye mwendo wake wa chini kabisa, na hapo ndipo mauntingi ngumu zinapokuwa mbaya kuliko wakati wowote. Kioo cha pembeni hakisomeki, dashibodi inalia, usukani unatetemeka mikononi. Ukimsimulia fundi atakwambia gari sasa limekaza. Dereva anashuka jioni mgongo unamuuma, hajui kuwa amelipia maumivu hayo mwenyewe kwa bei ya juu kuliko mpira.

Kuhusu yale matundu yanayozibwa kwa gundi, nawaomba mafundi wayaangalie upya. Shika mauntingi ya chini mkononi, utaona mpira haukujaa: kuna nafasi mbele na nyuma ya kiini cha chuma. Nafasi hiyo inakiacha kiini kicheze milimita chache za mwanzo kwa ulaini, halafu mpira ugusane na ukuta na ugumu upande ghafla. Hivyo mauntingi moja inakuwa laini gari likiwa kwenye foleni na ngumu ukikanyaga mafuta. Ukiijaza, umebakiza ule ugumu peke yake. Ya upande wa injini mara nyingi ina majimaji ndani yanayopita kwenye tundu jembamba ili kutuliza mruko wa kwenye mashimo na rasta, yale matuta madogo ya barabarani; hiyo ikipasuka, hakuna mpira wa kujaza unaoirudisha kazi yake.

Kama lazima ukaze, kaza ile ya chini pekee, kwenye gari la gia za mkono, na usipande ugumu sana. Hiyo haibebi uzito wa injini. Kazi yake ni kuzuia isipinduke, kwa hiyo utapata sehemu kubwa ya faida kwa adhabu ndogo. Lakini usiweke moja ngumu huku nyingine zimekufa, maana mzigo wote utahamia kwake, na kinachokatika hapo ni mkono wa chuma au bolti ya kwenye bodi.

Linabaki swali la haki: kwa nini basi mpira mpya unakufa haraka? Wakati mwingine ni feki. Wakati mwingine ni wa mtumba, na mpira uliotoka kwenye Vitz ya 2005 una umri wa gari lenyewe hata kama unang'aa. Oili inayovuja juu yake huulainisha hadi ukafa, kwa hiyo ziba uvujaji kwanza. Sababu ambayo haitajwi kabisa ni ufungaji. Fundi ameinyanyua injini kwa jeki, ameingiza mauntingi, ameilazimisha bolti iingie kwa nondo, amekaza. Mpira umeanza maisha ukiwa umesokotwa upande mmoja, na ule mchezo wa milimita chache umekwisha kabla gari halijatoka gereji. Mwambie aingize bolti zote bila kukaza, aondoe jeki, aitikise injini kwa mikono hadi ikae yenyewe, ndipo akaze moja baada ya nyingine. Ni kazi ya dakika chache. Ukiona bolti haiingii bila nondo, kuna mauntingi nyingine imelala au si ya gari hilo, na hiyo ndiyo ya kutafuta kabla ya kulaumu mpira.