Barua kwa "mkaaji halali": asiyehitaji leseni ya televisheni Uingereza anawajibika kujieleza?

Mtu akipanga nyumba Uingereza na kuamua kuishi bila matangazo ya televisheni, mara nyingi barua humfikia kabla hajazoeana na majirani. Barua hiyo, inayotoka TV Licensing, haina jina lake, kwani imeandikwa kwa "mkaaji halali" wa anwani husika, naye ni yeyote aishiye pale. Humweleza kwamba anwani hiyo haina leseni ya televisheni, yaani kibali cha kutazama matangazo ambacho ada yake ya kila mwaka huigharimia BBC, kwamba kutazama bila leseni ni kosa la jinai, na kwamba faini yake inaweza kufika paundi 1,000. Asipojibu, huletewa nyingine yenye maandishi mekundu, kisha nyingine ya kumjulisha kwamba uchunguzi umefunguliwa, kisha nyingine ya kumweleza mambo ya kutarajia mahakamani. Kwa mtu aliyekulia Afrika Mashariki, ambako bahasha yenye neno "mahakama" haiji nyumbani kwa mzaha, barua ya namna hiyo inatosha kumfanya alipe asichodaiwa ili alale usingizi. Wapo wanaosema kwamba hilo ndilo lengo lake. Wapo pia wanaosema kwamba bila barua hizo mfumo mzima ungeporomoka. Kila upande una hoja, ingawa hazina uzito sawa.

Ni vyema kuanza na sheria yenyewe, kwa sababu mkanganyiko mwingi huzaliwa hapo. Kifungu cha 363 cha Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2003 kinakataza kutumia, au kufunga kwa ajili ya kutumia, chombo cha kupokea matangazo ya televisheni bila leseni. Kumiliki runinga peke yake si kosa. Runinga iliyounganishwa na mashine ya michezo, au inayotumika kutazama filamu za kuchagua mwenyewe mtandaoni, haihitaji leseni. Inayohitaji ni matangazo ya mubashara ya idhaa yoyote, kwa chombo chochote, pamoja na kuyarekodi. Na tangu tarehe 1 Septemba 2016 inahitajika pia kwa kutazama chochote katika BBC iPlayer, jukwaa la mtandaoni la vipindi vya BBC, hata kama kipindi kilirushwa wiki iliyopita. Hapa ndipo wengi wetu hujikwaa bila kujua. Mkenya wa mji wa Reading anayefungua YouTube kwenye simu na kutazama taarifa ya habari ya idhaa ya Nairobi wakati ileile inaporushwa hewani anahitaji leseni, hata kama hajawahi kutazama BBC maishani mwake. Akisubiri taarifa iishe na kuitazama baadaye kwenye ukurasa huohuo wa YouTube, haihitaji. Kwa hiyo, kabla ya kulalamika kwamba barua imekosea mlango, mtu hana budi kujiuliza kwa uaminifu kuhusu mechi za Jumamosi.

Tuchukulie kwamba amejiuliza na jibu ni kwamba hahitaji. Tatizo lililobaki ni la kimuundo, nami naliona kuwa ndilo kiini cha mgogoro wote: sheria inaadhibu kitendo cha mtu, ilhali ufuatiliaji unafanywa kwa orodha ya anwani. Mfuatiliaji hajui nani anatazama nini. Anachojua ni kwamba nyumba fulani haimo kwenye daftari la waliolipa, na kwa kuwa nyumba nyingi zimo, isiyokuwamo hutiliwa shaka. Zamani, leseni ya televisheni ilipoanzishwa mwaka 1946 kwa paundi 2, shaka hiyo ilikuwa na mantiki, kwani chombo kilikuwa na kazi moja tu, na aliyekinunua alikinunua ili atazame matangazo. Leo kaya zaidi ya milioni 3 zimetamka rasmi kwamba hazihitaji leseni. Idadi kama hiyo haiwezi kuchukuliwa kuwa ni ya watu wachache wenye tabia za ajabu.

Upande wa wafuatiliaji haupaswi kubezwa. BBC ndiyo mamlaka ya leseni kisheria. "TV Licensing" ni jina la kibiashara tu, na kazi yenyewe ya barua na ziara imekabidhiwa kwa mkataba kampuni ya Capita. Leseni karibu milioni 24 huiletea BBC paundi zaidi ya bilioni 3.5 kwa mwaka, na fedha hizo ndizo zinazoifanya isiende kila mwaka kupiga magoti mbele ya waziri. Ada ya mwaka 2025 ilikuwa paundi 174.50. Kila asiyelipa ilhali anatazama humwachia jirani yake mzigo huo. Barua ni njia ya bei nafuu kuliko kumtuma mtu mlangoni, na kwa maelfu ya watu waliohama nyumba wakasahau, barua moja huwa imetosha. Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa Kiswahili hawezi kulipita kimya: tangu Aprili 2014, huduma ya dunia ya BBC, ambayo idhaa yake ya Kiswahili imekuwa hewani tangu 1957, ilihamishwa kutoka ruzuku ya wizara ya mambo ya nje kwenda kwenye ada ya leseni, ingawa baadaye serikali ilirudi kuchangia. Sehemu ya habari tulizozisikiliza Tanga na Bujumbura imelipiwa na kaya za Leeds na Swansea. Anayedai kwamba ada hii ni wizi mtupu na aliweke hilo kwenye mizani.

Hata hivyo, kuwa na haki ya kuuliza hakumpi mtu haki ya kuuliza kwa namna yoyote. Barua hizi zimetungwa kwa ustadi: hazisemi uongo, lakini zinapanga ukweli kwa mpangilio unaomwacha msomaji akiamini kwamba tayari ameshashtakiwa. "Uchunguzi umefunguliwa" katika hali nyingi humaanisha kwamba anwani imewekwa kwenye orodha ya kutembelewa. Maelezo kuhusu mahakama hutangulia kesi ambayo haipo. Mwenyeji aliyesoma sheria hucheka na kuitupa, ilhali anayeumia ni mzee anayeishi peke yake, mgeni ambaye Kiingereza chake ni cha kuungaunga, au mtu anayesubiri uraia ambaye anajua kwamba fomu yake itamuuliza kama amewahi kutiwa hatiani. Ukali wa barua unampata yule asiye na hatia lakini mwoga, huku mkwepaji mzoefu, ambaye ndiye aliyekusudiwa, akiwa ameshaizoea. Ni kama kumpigia ngoma asiyecheza.

Yanayotokea mlangoni yanaitia nguvu hoja hiyo. Afisa anayekuja hana mamlaka ya kuingia bila hati ya upekuzi iliyotolewa na hakimu, na hati hizo hazitolewi kama njugu. Mwenye nyumba anaruhusiwa kukataa kumfungulia, kukataa kujibu na kukataa kutia saini. Kwa kuwa hali ni hiyo, ushahidi mkuu katika kesi nyingi huwa ni maneno ya mshtakiwa mwenyewe, yaliyoandikwa kwenye fomu pale mlangoni. Anayetiwa hatiani basi ni yule aliyekuwepo nyumbani, akafungua, akajibu kwa adabu. Haishangazi kwamba kwa miaka mingi zaidi ya theluthi mbili ya waliotiwa hatiani kwa kosa hili wamekuwa wanawake, na hakuna mwenye akili anayedai kwamba wanawake hutazama televisheni kuliko waume zao. Kesi zenyewe sasa husikilizwa na hakimu mmoja akisoma makaratasi, bila mshtakiwa kufika, utaratibu ulioanza mwaka 2015. Unapunguza gharama, lakini barua ya kujitetea ya mtu aliyechanganyikiwa inaweza kupita mbele ya macho ya hakimu kwa muda mfupi mno.

Sasa asiyehitaji leseni afanye nini: atamke au anyamaze? Kisheria hakuna wajibu wa kujibu. Wanaonyamaza husema kwamba asiyenunua leseni ya kuvua samaki haandikiwi barua ya kuthibitisha kwamba havui, nao wana hoja. Wengine huenda mbali zaidi, wakaandika kuondoa ruhusa ya kawaida ya maafisa kukanyaga njia ya kuingilia nyumbani kwao. Wanaotamka hujaza fomu mtandaoni kwa dakika chache, na barua hukoma kwa takriban miaka 2, kisha huulizwa tena. Isitoshe, tamko lenyewe halizuii ziara ya kuhakiki. Mimi naegemea upande wa kutamka, ingawa silipendi. Mtu aliyejibu mara moja kwa ukweli, akahifadhi nakala, anakuwa na kitu cha kuonyesha endapo mambo yatakwenda mrama, na amani ya nyumba yenye watoto ina thamani kuliko ushindi wa kanuni. Lakini siwezi kumlaumu anayenyamaza, mradi hajidanganyi kuhusu anachotazama. Ambacho hakifai ni kutia barua zote kapuni bila kuzifungua. Wito halisi wa mahakama huwa na jina la mtu, huitaja tarehe ya kosa linalodaiwa, na humpa siku 21 kujibu kama anakiri au anakana. Akiuchanganya na karatasi za "mkaaji halali" anaweza kutiwa hatiani akiwa amelala. Tofauti hii moja ingestahili kubandikwa kwenye kila msikiti, kanisa na duka la unga wa sembe tunalokutania.

Tiba za kisera zimejadiliwa bila kufikiwa. Mwaka 2015 mapitio yaliyoongozwa na wakili David Perry yalipendekeza kosa libaki kuwa la jinai, na Januari 2021, baada ya kukusanya maoni ya umma, serikali iliamua kutolibadilisha kwa wakati huo. Wenye hofu ya kulitoa kosa hili kwenye jinai na kulifanya deni la kawaida wana sababu: mahakama ya jinai humtazama mtu kipato chake kabla ya kumpiga faini, ilhali mkusanya madeni huja na ada zake juu ya ada. Ujerumani ilikata fundo kwa upande mwingine. Tangu Januari 2013 kila kaya hulipa mchango wa utangazaji, sasa euro 18.36 kwa mwezi, iwe na runinga au isiwe nayo. Huko hakuna anayeulizwa anatazama nini, kwa sababu jibu halibadilishi kitu. Mtanzania wa Hamburg asiye na hata redio hulipa sawa na mwenye skrini tatu. Ufaransa iliifuta ada yake mwaka 2022 na kuielekeza gharama kwenye kodi, na watangazaji wake sasa wanaitazama bajeti ya taifa kwa wasiwasi. Kila njia inamwondolea mtu usumbufu mmoja na kumletea mwingine.

Hati ya kifalme inayoiongoza BBC inakwisha mwishoni mwa 2027, na mjadala wa namna ya kuigharimia umeshaanza. Lakini kurekebisha lugha ya barua hakuhitaji kusubiri hati mpya wala sheria mpya. Barua ya kwanza ingeweza kuanza kwa kueleza, katika mistari mitatu, nani anahitaji leseni na nani haihitaji, ikatoa namba ya kupiga kwa lugha nyingine, na kuliacha neno "mahakama" kwa ajili ya yule ambaye kweli yuko njiani kupelekwa huko.